Taa Haichagui Mgeni

Hapa Kwai ukungu ukishuka jioni, huoni hata hatua tatu mbele. Ndiyo maana marehemu bibi yangu aliweka koroboi dirishani, ili wanaorudi kutoka gulio la Lukozi waione njia. Usiku mmoja mwizi naye akaifuata taa ileile, akatuswagia mbuzi wawili. Mmoja ndiye aliyekuwa ada yangu ya kidato cha tatu. Babu alifoka, "Si wewe uliyemwonyesha njia!" Muhula ule nikakaa nyumbani, nami nikimlaumu bibi kimoyomoyo.

Je, msomaji mwenzangu, mtenda wema abebe lawama ya mwovu aliyeutumia wema wake?

Swali hili lilinirudia niliposoma habari za Unguja. Enzi za Seyyid Barghash, mbele ya Beit al-Ajaib ulisimama mnara wa taa ukitazama bandari. Majahazi ya Waarabu na Wahindi, meli za Wazungu, zote zilimulikiwa na mwanga mmoja. Kumbe! Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilizotia nanga bandarini humohumo zikaipiga ikulu mizinga kwa dakika 40 hivi, ili kumng'oa Seyyid Khalid. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Mnara nao ukaharibiwa vibaya. Asante ya punda, siyo?

Mtu atasema wangeizima taa mapema. Sawa, lakini majahazi yao wenyewe yangeingiaje? Hata mnara wa kale wa Iskanderia, kule Misri, uliwamulikia mabaharia kwa karne nyingi, watawala wakija na kuondoka. Mwishowe uliangushwa na matetemeko ya ardhi, siyo na wema wake. Na Waingereza haohao, mwaka 1904, walijenga mnara wa taa kisiwani Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja. Kwani mvunja taa naye huona gizani?

Kwa maoni yangu, hatia ni ya aliyefyatua mzinga. Wajibu wa mwenye taa ni kufunga zizi. Bibi alilijua hilo. Kesho yake alinunua kufuli, na magharibi akaiwasha tena koroboi.

Mwaka uliofuata nilipotea kwenye ukungu, nikafika ukingoni mwa korongo bila kujua. Kilichonirudisha ni ile nukta ya moto dirishani. Niliingia ndani, nikala, nikalala. Sikumwomba radhi hadi alipofariki.

Siku hizi naiwasha mimi.