Kitabu cha Njia na Dhamana ya Msafiri

Mtu akikifuata kitabu akapotea, lawama ni ya nani: ya aliyekiandika au ya aliyekichagua? Kwa mtu aketiye kibarazani swali hili laweza kuonekana jepesi. Si jepesi kwa anayekusudia kuingia mtumbwini pamoja na wenziwe, wavue samaki na kulala kando ya mto siku nne au tano, mahali pasipo na duka wala zahanati.

Vijana wawili niliopata kuwafundisha walinijia na azma hiyo. Walitaka kusafiri katika mto Rufiji, nao walikuwa na vitabu viwili vya kuongoza wasafiri. Kwa kuwa kazi ya kuchagua vitabu vya shule niliifanya kwa miaka mingi, waliniomba niwachagulie kimoja.

Kitabu cha kwanza kilipendeza macho. Kilikuwa na picha za rangi, karatasi nzito, na lugha ya uhakika tangu mwanzo hadi mwisho. Kilisema kwamba kiangazi ndiyo majira ya kusafiri, kwa kuwa maji ni machache na mto umetulia. Cha pili kilikuwa chembamba. Mwandishi wake alitaja sehemu alizozipita mwenyewe, mwaka na mwezi. Na zile alizosimuliwa na wavuvi alisema amesimuliwa. Naye alikubali kwamba kiangazi maji hupungua, ila aliongeza jambo ambalo mwenzake aliliacha: maji yakipungua, viboko hubanana katika vilindi vilivyosalia. Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, na mtumbwi ukiwa kati yake na kina, atapita hapo hapo ulipo. Kwa hiyo akashauri watu wapige kasia karibu na ukingo, kwenye kina kifupi, na wagonge ubavu wa mtumbwi wanapokaribia kona ili mnyama asikie mapema.

Hata hivyo, vitabu vyote viwili vilichapwa kabla ya mwaka 2019. Mwaka huo sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini ya TANAPA. Mwaka huo huo ulianza ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere katika korongo la Stiegler, na Desemba 2022 bwawa likaanza kujazwa. Leo pale pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana ziwa. Chini yake, kuelekea Mloka na Utete, wingi wa maji hautegemei mvua peke yake, bali pia maji yanayoachiwa kutoka bwawani. Hesabu ya miezi iliyomo katika vitabu vyote viwili imepitwa na wakati.

Msomaji atauliza: ikiwa vyote vimepitwa, tofauti yao ni nini? Tofauti ni kubwa. Mwandishi anayesema, “Nilipita hapa mwezi fulani, mwaka fulani,” amempa msomaji njia ya kumkagua. Msomaji atajiuliza ni nini kimetokea tangu hapo. Anayesema kana kwamba mto haubadiliki amemfunga msomaji macho. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata aliyeyafika jana hajui wingi wake wa leo.

Nikawaambia wachukue kitabu cha pili, kisha wawaulize wavuvi wa Mloka juu ya maji ya siku hiyo, na wenye hifadhi juu ya mahali paruhusiwapo kupita na kuvua. Mmoja wao akasema, “Mwalimu, kama mwisho tutawauliza wavuvi, kitabu cha nini?” Swali lake lilikuwa la haki. Kitabu chema humfundisha mtu la kuuliza. Asiyesoma atauliza, “Kuna hatari?” na mwenye kutaka ujira atamjibu, “Hakuna shida.” Aliyesoma atauliza viboko wamelala kilindi kipi, na maji yamepanda kiasi gani tangu jana. Huyo si rahisi kudanganywa.

Narudi kwenye swali la lawama. Sikatai kwamba anayeuza maelekezo huuza pia uaminifu, na akiandika asichokijua amedhulumu. Lakini mwandishi hayumo mtumbwini. Waliomo ni mpiga kasia aliyeajiriwa kwa siku, na rafiki ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja kwa sababu alimwamini aliyesoma. Dhamana ya watu hao haiwezi kuachiwa kitabu. Na wavuvi wakisema maji ya leo hayafai, aliyeshika kitabu hana budi kuwa wa kwanza kukubali kurudi nyumbani, hata kama ndoana hazijalowa na likizo imekwisha.