Jicho Lisilopiga Hodi

Anayetafuta kamera ndogo ya matumizi ya kila siku huanza kwa kuuliza inavuta mbali kiasi gani, na majibu ya soko yanavutia kweli. Canon PowerShot SX740 HS, iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa gramu 299 na inaingia mfukoni, lakini lenzi yake inavuta mara 40: kutoka milimita 24 hadi 960 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Mwaka huohuo Nikon walitoa Coolpix P1000 inayovuta mara 125, ingawa kwa uzito wa takriban kilo 1.4 hiyo si ya mfukoni tena. Nambari hizi ni za kweli, na mnunuzi ana haki ya kuzipima. Lakini ziko kimya juu ya swali la maadili ambalo mnunuzi angepaswa kulitanguliza: je, kumtazama mtu kwa karibu pasipo yeye kujua ni sawa na kuingia kwake bila hodi? Jibu langu ni ndiyo, na jibu hilo linabadilisha namna ya kupima kamera yenyewe.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Lenzi ikivutwa mara 40, picha ambayo kwa kawaida ingepigwa ukiwa mita 1.25 kutoka kwa mtu inaweza kupigwa ukiwa mita 50. Mita 1.25 ni umbali wa kusalimiana. Hapo anayepigwa picha anaiona kamera, anaweza kuuliza ni ya nini, kutabasamu, kujitanda vizuri, kugeuka au kukataa. Mita 50 ni upande wa pili wa uwanja. Hapo hana hata moja kati ya hayo, ingawa anaonekana pichani kana kwamba mpiga picha amesimama mbele yake. Kwa hiyo lenzi ndefu inafanya zaidi ya kufupisha umbali. Inamfupishia mmoja tu. Mtazamaji anapata ukaribu wote, na mtazamwa anabaki kulekule mbali, bila sauti wala nafasi ya kujibu.

Mafundisho ya dini yalilijua jambo hili kabla ya kamera. Sura ya An-Nur katika Qurani inaamrisha kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wengine, na mara baada ya hapo inawaagiza waumini wainamishe macho. Sura ya Al-Hujurat inakataza upelelezi wa mambo ya watu. Katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari, Mtume anaeleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Maana yake ni nzito: mguu ukibaki nje na jicho likaingia, nyumba imekwisha kuingiliwa. Wanasheria walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1890, miaka 2 baada ya George Eastman kuingiza sokoni kamera ya Kodak, Samuel Warren na Louis Brandeis walitetea haki ya faragha katika Harvard Law Review, na picha za papo kwa papo ni miongoni mwa mambo yaliyowatia wasiwasi. Leo haki hiyo imo katika ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya na ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania.

Atasema mtu kwamba barabara na soko si nyumba, na aliyetoka hadharani amekubali kuonekana. Ni kweli, lakini amekubali kuonekana na watu ambao naye anawaona. Hayo ndiyo mapatano ya mahali pa umma, na lenzi ya milimita 960 inayavunja upande mmoja. Mwingine atasema picha ya mtu asiyejua ndiyo yenye ukweli. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alipiga picha za namna hiyo kwa miaka mingi, lakini kwa kawaida alitumia lenzi ya milimita 50, akiwa miongoni mwa watu, mahali ambapo wangeweza kumwona na kumzuia. Wa tatu ana hoja nzito zaidi: lenzi ndefu humwezesha mwandishi wa habari kumnasa askari anayempiga raia. Nakubali, kwa kuwa anayetumia nguvu za umma hana faragha katika tendo hilo. Hata hivyo, hoja hiyo inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Haimpi mwenye kamera ruhusa ya kumvuta muuza samaki au mtoto anayeoga baharini.

Yasemwayo kwamba chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mtumiaji, ni nusu ya ukweli, maana chombo hurahisisha matendo fulani na kuyafanya mengine yawe ya gharama. Katika SX740, gharama inaonekana. Ili lenzi ndefu ikae katika mwili mdogo, kihisi cha mwanga kimekuwa cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, na lenzi ikivutwa hadi mwisho tundu lake hushuka kutoka f/3.3 hadi f/6.9, yaani hupitisha chini ya robo ya mwanga wa mwanzo. Picha nyingi za kila siku, za familia mezani, harusi usiku, mgeni sebuleni, hupigwa kwa karibu na katika mwanga hafifu, hapo hapo kihisi kidogo kinapochoka. Panasonic TZ100 ya mwaka 2016 inavuta mara 10 tu, lakini eneo la kihisi chake ni takriban mara 4 ya hilo. Kwa ndege, mwezi na mchezo wa upande wa pili wa uwanja, chukua inayovuta mbali bila wasiwasi. Kwa maisha ya kila siku miongoni mwa watu, nunua inayoona vizuri kwa karibu, kisha sogea, salimia, na uombe ruhusa.