Amana na Maelezo: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Hita ya Maji Mjini Goma

Swali la nani hasa mwenye mamlaka juu ya kitu, yule aliyekinunua au yule anayekielewa, ni la zamani katika falsafa ya maadili, lakini katika nyumba za kupanga za Goma limepata sura yake maalumu. Mji huo, ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, huwa na baridi usiku, na apatimenti nyingi zinazopangishwa katika mitaa kama Himbi na Katindo zina hita ya umeme, yaani tangi la kupasha maji ya kuogea, ambalo mwenye nyumba hulinunua na kulifunga kabla mpangaji hajajulikana. Umeme wenyewe huletwa na zaidi ya shirika moja: SNEL, shirika la taifa, hutegemea mitambo ya Mto Ruzizi unakotoka ziwani kule Bukavu, Virunga Energies huleta umeme wa Matebe, kituo cha umeme wa maji cha Rutshuru kilichozinduliwa mwaka 2015, na Nuru ilianza mwaka 2020 kuuza umeme wa jua kutoka mtambo wa megawati 1.3. Uniti hulipiwa kabla ya kutumiwa, kwa mita ambayo wengi huiita kashpawa, na mara nyingi anayelipa ni mpangaji. Hivyo mmoja huchagua mtambo na mwingine hulipia kila uniti ambayo mtambo huo unaimeza, ilhali maelezo ya namna ya kuutumia mara nyingi hayatolewi na yeyote.

Mtambo huo si mgumu kuuelewa. Ndani ya tangi mna rezistansi, yaani waya uliofungiwa ndani ya mrija wa chuma, ambao hugeuza umeme kuwa joto. Pembeni yake pana themostati, kifaa kinachopima joto la maji na kuukata au kuurudisha umeme bila mkono wa mtu. Taa ndogo nyekundu huwaka maji yanapopashwa na huzimika yanapofikia kiwango kilichowekwa, jambo ambalo asiyeelezwa hulichukulia kuwa ni hitilafu. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi huhitaji takriban uniti 2.3, yaani kilowati-saa 2.3, na rezistansi ya wati 1,500 huimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, hata kama kitufe cha themostati kimezungushwa hadi mwisho, kwa sababu themostati haiongezi kasi bali huamua mahali pa kuishia. Anayekizungusha hadi mwisho kwa matumaini ya kuoga mapema hapati ila maji ya moto kupita haja yake, na uniti zilizokwisha upesi.

Hata nyuzi 60, ambazo mafundi wengi huzipendekeza, ni hukumu ya kimaadili iliyofichwa ndani ya namba. Bakteria ya Legionella, inayoweza kuleta homa kali ya mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu ya kati ya nyuzi 20 na 45 na huangamia maji yanapofikia 60, lakini maji ya nyuzi 60 yakitoka bombani bila kuchanganywa na ya baridi huiunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache tu. Chini ya tangi huwekwa valvu ya usalama, ambayo hudondosha maji wakati wa kupasha kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka na kutafuta nafasi. Mpangaji asiyejua hilo huona bomba linavuja, na akiliziba kwa nia njema kabisa anafunga njia ambayo shinikizo lingetokea. Vilevile maji ya bomba yakikatika na tangi likabaki tupu huku swichi imewashwa, rezistansi huungua. Mpangaji anapohama, gharama ya rezistansi hiyo hugeuka kuwa hoja ya kukata garanti, yaani fedha alizoweka mikononi mwa mwenye nyumba kama dhamana alipoingia.

Hapa ndipo sheria na dini zinapokutana. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria ya mikataba nchini Kongo, humtaka mpangaji akitumie kitu alichopangishwa kama baba mwema wa familia, yaani kwa busara na uangalifu wa mtu mwenye kujali vilivyo vyake. Nayo fikihi ya Kiislamu, katika mlango wa ijara, yaani mkataba wa kukodisha, huihesabu mali iliyokodishwa kuwa ni amana mkononi mwa aliyekodi, ambaye hawajibiki kulipa kinachoharibika isipokuwa amevuka mipaka ya matumizi au amezembea. Mapokeo haya mawili, moja la Ulaya na jingine la Kiislamu, yanapima mwenendo wa mtumiaji, na kwa hiyo yote mawili yanasimama juu ya sharti lisilotajwa waziwazi: kwamba mtumiaji amejua mipaka iko wapi. Haiwezekani kuvuka mpaka ambao haukuonyeshwa, wala kuzembea wajibu ambao haukutajwa, na amana inayokabidhiwa bila maelezo ni mtego kwa anayeipokea.

Maandiko yenyewe yanaliunga mkono jambo hili kwa namna ya kustaajabisha. Katika sura ya pili ya Qurani, tangazo la kumweka khalifa duniani linafuatwa mara moja na Adamu kufundishwa majina ya vitu vyote. Katika Mwanzo, mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na papo hapo anaambiwa kipi cha kula na kipi cha kuacha. Katika masimulizi yote mawili mwenye mali anafundisha kabla ya kudai hesabu. Mwenye nyumba anayejiita muumini, huku akikabidhi funguo bila neno lolote juu ya swichi, themostati na valvu, amejipa haki ambayo Mungu wa maandiko hayo hakujipa.

Hata hivyo mpangaji hawezi kujificha nyuma ya kutojua. Injili ya Luka, sura ya 12, inamtaja mtumishi ambaye hakuyajua mapenzi ya bwana wake na bado akapigwa, ingawa kwa mapigo machache, na Toma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliifafanua tofauti hiyo kwa kutenga kutojua kusikoweza kuondolewa, ambako hakuna dhambi, na kutojua kunakotokana na uvivu wa kuuliza, ambako kunabeba lawama. Mpangaji aliyekaa miaka miwili chini ya tangi linalodondosha maji bila kumuuliza fundi hata mara moja yuko katika kundi la pili. Kuuliza ni sehemu ya kutunza, na mwenye nyumba anayemkaripia anayeuliza, kana kwamba swali ni shutuma, anaharibu mali yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanafalsafa Mfaransa Gilbert Simondon, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu namna vyombo vya kiufundi vilivyo, alidai kwamba mtu hutengana na mashine si kwa sababu tu haimiliki, bali zaidi kwa sababu haielewi, hata kama anaishi nayo kila siku. Kwa kipimo hicho mwenye nyumba na mpangaji wa Goma mara nyingi wako sawa: hati ya umiliki haimfundishi mtu lolote kuhusu rezistansi.

Ipo pia haki ya jirani, ambayo mkataba wa watu wawili hauioni. Kaya nyingi za mji huo bado hupasha maji kwa makaa, na sehemu ya makaa hayo hutokana na miti inayokatwa katika Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Maji ya moto bombani ni neema ya wachache. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unaitaja hata tabia ya kupunguza matumizi ya kipasha joto nyumbani kuwa ni sehemu ya kuyatunza maumbile. Lakini kujizuia kunahitaji ujuzi, kwa kuwa asiyejua uniti zake zinakwenda wapi hana cha kupunguza.

Kwa hiyo karatasi moja iambatanishwe na kila mkataba wa upangishaji, ikionyesha swichi ya hita iko wapi, themostati imewekwa nyuzi ngapi, valvu ilikaguliwa lini na fundi wa kuitwa ni nani, nayo isainiwe na pande zote mbili siku ile ile ya kutoa garanti. Mwenye nyumba asiyetoa karatasi hiyo asikate hata faranga moja ya garanti kwa rezistansi iliyoungua.