Furushi na Dhamana Yake

Alfajiri ya leo, ukungu ukiwa ungali juu ya ziwa, nimemwona kijana mmoja, msafiri wa likizo, akilikaza kwa kamba ya mgomba furushi lake la senene, akilikagua mara ya tatu. Nami nikajiuliza kama nafsi yake nayo ameiwekea dhamana ya namna hiyo.

Sisi wa Bukoba, tuliopatwa na msiba wa kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kisha tarehe 6 Novemba 2022 tukaiona ndege ikianguka ziwani, wakafariki watu 19 miongoni mwa 43, hatuhitaji kuhubiriwa habari za maafa, bali kukumbushwa bima ya safari. Zanzibar, kwa mfano, tangu Oktoba 2024, humtaka mgeni wa ng'ambo akate bima ya dola 44, naye akiugua au akipotelewa na mizigo hupata pa kushika.

Wako wasemao kwamba bima ni kushindana na kadari. Siafiki, kwani hata mvuvi wa Kemondo, pamoja na tawakali yake yote, hufunga mtumbwi kabla ya kulala. Basi, kabla ya kukata tiketi, muulize wakala wa bima: je, na chombo cha majini kimo?