Neno «ndevu» na uzito wake

Umoja wa ndevu kitabuni ni udevu, lakini kwetu nani anasema udevu? Tunasema ndevu tu. Wenzetu wa Lingala wanasema mandefu, ni ukoo mmoja.

Shida iko kwa maana. Mtu akisema «ule iko na ndevu», hazungumzii nywele. Anataka kusema: ule anaweza kuoa, kukaa barazani na wazee, kusikilizwa. Basi kijana asiye nazo akisema kweli, tumunyamazishe? Na mama zetu je? Mbuzi dume naye iko nazo, na hatumwiti muzee.

Hata hivyo tusizicheke. Lumumba alikuwa na miaka 35 tu, na ndevu fupi kidevuni. Tarehe 17 Januari 1961, ndani ya ndege iliyomupeleka Elisabethville (leo Lubumbashi), askari walimupiga, na mashahidi walieleza kwamba walimung'oa ndevu zile. Kwa nini ndevu? Fimbo zilitosha kumuumiza. Nazani hata wale askari walikuwa wamefundishwa neno hili na baba zao, walijua ni heshima wanatafuta kumupokonya mbele ya watu.