Kuona na Kujua
Swali la kale la epistemolojia, yaani tawi la falsafa linalochunguza asili na mipaka ya ujuzi, ni iwapo anayekiona kitu huwa tayari amekijua. Kwa mfano, mwaka 1835 mwanasayansi Charles Darwin, akiwa kijana wa miaka 26, alizunguka visiwa vya Galápagos kwa takriban wiki tano akikusanya miamba, mimea na wanyama kwa bidii kubwa, lakini ndege wengi hakuandika wametoka kisiwa kipi, na maana yao ilianza kudhihirika London mwaka 1837, mtaalamu wa ndege John Gould alipowachambua. Kuona, basi, si kujua bado; kwa hiyo vyuo vinavyowapeleka wanafunzi visiwani humo na kuwajazia ratiba kutwa kucha viwatengee, tena kama haki yao, saa za kutafakari.