Maji ya Aina Mbili Katika Nyumba Moja

Mwezi wa Desemba, mwaka juzi, binti yangu alipanda mlima kutoka Dar es Salaam pamoja na mwanawe wa miaka sita, kuja kula sikukuu nasi hapa Lushoto. Ndani ya gari walileta mchele, mafuta ya kula, kitenge cha bibi, na katoni nne za maji ya chupa. Nilizitazama katoni zile zikishushwa nikacheka kimoyomoyo. Nyumba yangu imezungukwa na milima, na usiku ukishatulia husikika kijito kikilia bondeni. Kuyabeba maji kutoka tambarare, kona baada ya kona, hadi Usambara, niliona ni sawa na kupeleka chumvi baharini.

Kicheko changu kilikatika siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana. Mjukuu wangu alikuwa ameshika chupa yake. Akamtazama dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye alikuwa akichota maji ya kunywa kwenye ndoo. Mtoto akauliza, "Mama, mbona dada hanywi maji ya chupa?" Mama yake akamjibu kwa upole, bila nia mbaya yoyote, "Dada ameyazoea maji ya huku, mwanangu. Wewe yatakuumiza tumbo."

Watu wakaendelea kula. Mimi tonge lilinikwama, kwa sababu maneno yale niliyafahamu. Niliwahi kuyasema mwenyewe.

Ndugu msomaji, nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Katika shule mojawapo niliyoiongoza, ofisi ya walimu ilikuwa na chujio la maji, chombo cha bati chenye bomba dogo chini, tulichoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Sisi walimu tulikunywa humo. Wanafunzi walikunywa maji ya mfereji uliotoka kijitoni, na juu ya kijito hicho kulikuwa na mashamba na mifugo. Mwaka mmoja, mwishoni mwa masika, homa ya matumbo ikaingia shuleni. Tuliwapeleka watoto zahanati kwa machela na kwa mgongo. Mvulana mmoja wa darasa la sita, alipopata nafuu, alinijia akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, yale maji ya ofisini ni tofauti na yetu?" Nikamwambia, "Ninyi mmeyazoea haya. Walimu wengine wametoka mbali." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka.

Alikuwa ametoka kitandani wiki ile ile. Ni kuzoea gani huko?

Basi hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari pamoja. Mtu anayeweza kujipatia maji salama ana wajibu gani kwa wale wanaokula naye, wanaomfanyia kazi, na wanaokaa chini yake mtoni? Na je, namna anayochagua kuyapata maji hayo ina uzito wowote, au ni suala la mfuko wake tu?

Kwanza tulimalize hili la kuzoea. Ni kweli kwamba mwili hujifunza kupambana na baadhi ya vijidudu. Lakini tunaposema watu wa mahali fulani wameyazoea maji yao, tunawahesabu waliobaki. Wale ambao hawakuyazoea wako makaburini, na wengi wao walikuwa wachanga. Neno "wamezoea" halina haki ya kutumika isipokuwa na mtu anayejisemea mwenyewe. Mimi naweza kusema nimezoea baridi ya Magamba. Siwezi kusema kwa niaba ya mtoto wa mwenzangu kwamba amezoea kuharisha.

Simlaumu binti yangu. Alikuwa Dar es Salaam kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015, na aliona magodoro yakichomwa mtaani kwao. Mzazi aliyeyaona hayo hakosi sababu ya kuogopa ndoo isiyofunikwa. Hofu yake ni ya haki. Kinachohitaji kupimwa ni dawa yake.

Tuifanye hesabu, kama tulivyokuwa tukiifanya ubaoni. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, inahitaji lita 10. Kwa mwaka ni lita 3,650. Ukizinunua katika chupa za lita moja na nusu, ni zaidi ya chupa 2,400. Hata tukiihesabu chupa moja kwa shilingi 1,000, ni zaidi ya shilingi milioni mbili na laki nne. Ndiyo maana katika nyumba nyingi maji ya chupa hayawezi kuwa ya wote. Bei yake yenyewe inamlazimu mwenye nyumba kuchagua nani anywe na nani azoee. Wala chupa zile 2,400 haziendi peponi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mitaro yetu ikapumua. Lakini chupa hazikuguswa na katazo lile. Huzikusanya wachache wanaoziuza kwa kilo. Nyingine huchomwa nyuma ya nyumba, na nyingine mvua huzisomba hadi mtoni, zikashuka Soni kuelekea Mombo kwa watu wasiokunywa hata tone la maji yaliyokuwamo.

Dawa ya pili ni kuchemsha. Nilikuwa mwalimu kijana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Jioni tulikaa na wazee kuzunguka redio, tukasikiliza somo, kisha tukajadiliana juu ya vyoo, mbu na maji ya kunywa. Nilifundisha kuchemsha kwa moyo wote. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kuni utatuletea wewe?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini swali halikuwa mzaha. Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vya maradhi ya maji, na hakuna njia ya nyumbani inayokushinda kwa uhakika. Ila hapa kwetu kila sufuria inayochemka ina kichwa cha mwanamke chini ya mzigo wa kuni, na kila mzigo wa kuni una msitu nyuma yake. Tunakata mti unaotunza chemchemi ili tusafishe maji ya chemchemi hiyo hiyo.

Dawa ya tatu ndiyo niliyoichagua mwezi wa Januari uliofuata. Nilinunua chujio. Ni vyombo viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kina vichujio vya udongo mweupe uliochomwa, vyenye umbo la mshumaa. Maji hupenya polepole katika vitundu visivyoonekana kwa macho, yakaacha nyuma tope, amiba na bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, kisha hudondoka chini yakiwa tayari. Hakihitaji umeme wala kuni. Bei yake haikufika bei ya maji ya chupa ya miezi miwili kwa hesabu ile ya juu. Kila wiki vichujio husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, na vikipata ufa hubadilishwa.

Si muujiza. Virusi ni vidogo mno, na baadhi hupenya. Kwa hiyo maradhi yakitangazwa, nyumbani kwetu bado tunachemsha au tunatia klorini. Wala chujio hili haliondoi sumu iliyoyeyuka majini. Nitalirudia jambo hilo.

Kuchuja si akili ya kigeni. Mama zetu walichuja kwa kitambaa, na wanawake wa Kisambaa wanaofinyanga vyungu walijua zamani kwamba udongo uliochomwa unapumua. Ndiyo sababu mtungi hutoa jasho na maji yake huwa baridi. Huko Ujerumani mwaka 1892, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona ulichota mto huo huo, tena chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa humo; lakini uliyapitisha maji yake kwenye mchanga, nao ukaokoka kwa kiasi kikubwa. Mpaka wa uhai na kifo ulikuwa tabaka la mchanga. Na karibu yetu, Arusha, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo sana zinazonasa sumu, akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015.

Hata hivyo kuna hoja moja inayoninyima usingizi, wala sitaificha. Mtu anaweza kuniambia, "Mzee, chujio lako ni chupa kubwa tu. Wewe umejitenga na maji ya wote kwa bei nafuu zaidi, basi." Nilipojichunguza niliona kuna ukweli. Miezi mitatu baada ya kulinunua, nilikosa mikutano miwili ya jumuiya ya watumia maji. Zamani sikukosa. Maji ya bombani yalipogeuka rangi ya chai wakati wa mvua, nilinyamaza, kwa kuwa kwangu yalidondoka meupe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nilikuwa nimeshiba.

Wazee wetu wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili: "kubana shi", yaani kuiharibu nchi, na "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi. Maneno hayo walipimiwa watawala wa Vuga. Mtawala mmoja akishikilia uwezo wake sawasawa, mvua hunyesha na nchi hupona. Wakishindana, kila mmoja kwa nafsi yake, nchi huharibika. Leo hatuna Simba Mwene wa kumlaumu. Kila mwenye shamba bondeni ni mtawala mdogo wa maji. Tunapopulizia kabeji na nyanya dawa za wadudu mpaka ukingoni mwa kijito, hakuna udongo wa chujio langu utakaozizuia. Maji hufuata mkondo: mto Umba unaotoka milimani kwetu huingia Kenya kabla ya kufika baharini, na jiji la Tanga hunywa maji ya mto Zigi unaotoka Usambara ya Mashariki. Sisi wa juu tukisema kila mtu ajichujie mwenyewe, tumewaambia watu wa chini nao wazoee.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti mbili. Kwanza, chombo cha maji nyumbani kiwe kimoja, na bomba lake lifunguliwe na kila mkono: wa mjukuu, wa bibi, wa dada, wa fundi aliyekuja kuziba paa. Chujio lililofungiwa chumbani kwa baba halina tofauti na chupa. Pili, fedha na muda ninaouokoa visiishie kwangu. Sehemu irudi kwenye chemchemi, kwa kwenda mkutanoni, kwa kuacha ukingo wa mto bila kulimwa, na kwa kusema hata na jirani ambaye hatafurahi. Chujio ni la kuvusha siku. Haliwezi kuwa kisingizio cha kuuacha msitu.

Binti yangu alikuja tena Pasaka. Alileta katoni moja, akasema ni ya safari, nami sikubishana. Njiani mtu hana mtungi. Siku mbili alilitazama chujio kwa mashaka. Siku ya tatu nilimkuta ameketi na dada karavani, wakisugua vichujio pamoja, dada akimwonyesha namna ya kuvishika visivunjike.

Yule mvulana wa darasa la sita sijui kama ananikumbuka. Sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto. Natamani ningemjibu siku ile, "Ndiyo, ni tofauti, na si haki," kisha nikalitoa lile chujio la bati ofisini, hata kama lingetosha vikombe vichache tu kwa siku. Vikombe vichache vingeenda kwa wagonjwa.